Watu wa Saa Mbili, Watu wa Saa Tano

Kadzo nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa kwenye foleni ya chakula, mbele yangu kama watu sita hivi, leso amejifunga kiunoni kwa fundo la upande wa kushoto, na kabla hajageuka nilijua ni yeye, maana kwa muda mrefu wa mwaka mmoja nililala chumba kimoja naye nikauona mgongo ule ukivaa nguo kila asubuhi. Ilikuwa Kilifi, katika ibada ya pamoja ya akina mama wa makanisa ya pwani. Mahema yamepangwa uwanjani, pilau inapakuliwa, na kipaza sauti kinatukumbusha kila dakika tano kwamba sisi sote ni mwili mmoja. Mimi sasa ni wa kuitwa nyanya na watu nisiowajua. Nimestaafu ualimu, nimezika mume, na nilidhani hakuna tena mtu wa kunitia hofu kwenye foleni ya pilau. Lakini nilisimama nisisogee mpaka mama aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama sukari imepanda. Nikajitoa kwenye foleni, nikaenda kukaa peke yangu kwenye hema la mwisho ambalo watu walikuwa bado hawajalijaza. Sikuwa nimemwona Kadzo kwa karibu miaka arobaini, na katika miaka hiyo haikupita Pasaka hata moja ambayo sikumkumbuka nikaona haya.

Nilikwenda Marereni, kwenye mabwawa ya kampuni ya chumvi, nikiwa na miaka ishirini, katikati ya miaka ya themanini, kufundisha chekechea. Nilitoka Muyeye, Malindi, ambako nyumba zimebanana mpaka unajua jirani amepika nini, na kule chumvini upana wa mahali ulinitisha. Chumvi ilikuwa ndani ya kila kitu. Mabati yalitoboka kwa kutu kabla rangi haijakauka vizuri, makufuli yaliganda, na kuta zilitoka jasho asubuhi. Shule yangu ilikuwa katika ghala kuukuu ambalo kampuni iliacha kulitumia, na ambalo kila mtu aliliita ukumbi. Siku tano za wiki lilikuwa langu na watoto arobaini. Jumapili lilikuwa la Mungu, na Mungu alikuwa amegawiwa saa. Saa mbili asubuhi waliingia watu wa kanisa langu, wenye kanzu, kitabu cha sala na kikombe kimoja cha madini kilichopitishwa mdomo kwa mdomo. Saa tano waliingia waliookoka, wenye ngoma na makofi, na glasi ndogo ndogo za kila mtu yake. Makanisa yale yalikuwa na majina marefu rasmi, lakini Marereni hakuna aliyejisumbua kuyataja. Uliulizwa tu: wewe ni wa saa mbili au wa saa tano? Hata viti vilitengwa. Mabenchi ya kijani yalikuwa yetu, ya buluu yalikuwa yao, na kila ibada ilipoanza mabenchi ya wengine yalikuwa yamerundikwa ukutani miguu juu. Mwenye ufunguo nilikuwa mimi, kwa hiyo aliyeyarundika na kuyapanga tena nilikuwa mimi pia. Saa nne na nusu tulipishana mlangoni, wao wakiingia sisi tukitoka, tukasalimiana kwa adabu ya watu waliokutana mlangoni pa choo.

Mimi na Kadzo tulipanga chumba nyuma ya duka la Bi Zuhura, mjane aliyetoka visiwa vya kaskazini na ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote isipokuwa paka wake. Vitanda viwili vya kamba, meza moja, dirisha lenye wavu. Kadzo alishona magunia ya chumvi, na jioni vidole vyake vilikuwa vimekatika kwa uzi, hivyo mimi ndiye niliyesonga sima naye akachuma mtsunga, ile mboga chungu ya Wagiriama ambayo mwanzoni niliila kwa adabu tu na baadaye nikawa siwezi kulala bila hiyo. Tulikula uani huku Bi Zuhura akituzungumzia kutoka dukani kana kwamba hatuko. "Kitabu kimoja," alikuwa akimwambia mteja wake yeyote, "Issa wao ni mmoja, na nyumba ya kusalia moja, na bado wagombania saa! Na mabenchi! Wallahi sijaona." Tulicheka mpaka mtsunga ukatupalia. Kadzo alikuwa wa saa mbili kama mimi, na sauti yake ndiyo iliyowafanya hata wa saa tano wafike mapema na kusimama nje ya dirisha. Mmoja wao alikuwa Musembi, fundi wa pampu zilizovuta maji ya bahari hadi mabwawani, kijana mtaratibu kutoka Ukambani. Alianza kwa kusimama dirishani, akaishia kuja uani kwetu kila Alhamisi na mkate wa nyama ya kusingizia, yaani mkate mtupu, akisema nyama inakuja nyuma.

Walipoamua kuoana ndipo matatizo yalipoanza. Kanisa la saa tano halikumhesabu Kadzo kuwa amebatizwa. Alinyunyiziwa maji utotoni, na kwao hayo hayakuwa chochote. Ilimbidi azamishwe mtoni kwanza. Kanisa letu nalo lilisema mtu akibatizwa mara ya pili ameikana ile ya kwanza, na jina lake linafutwa. Kwa hiyo Kadzo angeweza kumpata mume akapoteza kanisa, au akabaki na kanisa akakosa mume. Hakutaka kupoteza hata kimoja. Nilimwona akilia mara moja tu, akiwa amegeukia ukuta, na hata hapo alidai ni moshi.

Siku moja baada ya watoto kwenda nyumbani, nikifagia ukumbi, viongozi wawili waliingia wakakaa, mmoja benchi la kijani, mwingine la buluu, nafasi ya hatua mbili katikati. Kasisi Baya wa kwetu alikuwa mtu wa maneno na kicheko. Mchungaji Kilonzo wa saa tano alikuwa mrefu, mkimya, na alizungumza akiangalia mikono yake.

"Tuwe na ibada moja ya Pasaka," alisema Kasisi Baya. "Moja tu. Meza moja. Askofu wangu hatauliza nami sitamwambia."

"Divai siigusi," Mchungaji Kilonzo akasema. "Mimi nilikuwa mlevi, Kasisi. Si wa mchezo. Nililala kwenye mitaro, mke wangu akinitafuta na taa. Na nusu ya watu wangu wametolewa kwenye pombe ya mnazi. Tone moja likiwaangusha, nitamjibu nini Mungu?"

"Na mimi glasi za chai ya wanasesere siziwezi," alisema Kasisi Baya, kisha wakacheka wote wawili, na mimi nikasimamisha ufagio, kwa sababu sikuwahi kuwasikia wakicheka pamoja.

Wakaafikiana hivi: kikombe chetu sisi, kinywaji chao wao. Kikombe kimoja kipitishwe, nacho kiwe na maji ya zabibu kavu zilizochemshwa, kama walivyozoea wa saa tano. Watu wakiweza kula meza moja siku ile, Jumapili itakayofuata wao wawili wangewafungisha ndoa Kadzo na Musembi kwa pamoja, wala Kadzo hatazamishwa tena. Mchungaji Kilonzo alinyoosha mkono, ukashikwa. Nilikimbia na ufagio mkononi hadi kule walikokuwa wakishona magunia, nikamwambia Kadzo mbele ya wenzake, naye akanikumbatia pamoja na ufagio.

Kwaresima ile ndiyo furaha niliyoijua Marereni. Kwaya mbili zilifanya mazoezi pamoja, za kijani na za buluu zikachanganyika, wanawake wa saa tano wakatufundisha makofi nasi tukawafundisha kusimama bila kutikisika, jambo ambalo hawakuliweza kabisa. Kazi ya kupika zabibu Kasisi alimpa Kadzo, kwa kuwa ndiye bibi harusi. Lakini wiki ile magunia yalikuwa mengi, akirudi magharibi akiwa hoi, nikamwambia niachie mimi. Hakuna mwingine aliyejua tulivyobadilishana isipokuwa Bi Zuhura, maana zabibu zilitoka kwake. Alizipima akanikabidhi Jumatano.

"Zapikwa leo zanywewa leo," aliniambia. "Joto hili, usizilaze. Zikichacha ni haramu kwangu, na kwa wale wenzio wa makofi pia."

"Nimesikia, Bi Zuhura."

Nilisikia, ndiyo. Lakini nilitaka kwenda Malindi kusukwa nywele za Pasaka. Msusi wangu alikuwa Muyeye, na nafasi aliyonipa ilikuwa Ijumaa Kuu mchana, akitoka kanisani, wala sikutaka nikirudi niinamie moshi wa jiko na nywele mpya. Ni hilo tu. Nimetafuta sababu nyingine kwa miaka mingi, iliyo nzito kidogo, sikuipata. Nilizichemsha zabibu Jumatano ile ile, nikazichuja kwa leso, nikatia kwenye dumu la lita tano, nikalifunga na kulifungia katika kabati la ukumbi chini ya mabati. Nilirudi Jumamosi alasiri, kichwa kizuri, ngozi ya paji imenivutika. Nikafungua kabati, nikazungusha kifuniko cha dumu, nacho kikatoa pumzi, fyuu, na povu likapanda. Harufu niliijua. Mtu wa pwani haiulizi harufu ile. Duka la Bi Zuhura halikuwa na zabibu nyingine, na kwenda kuomba nyingine mahali pengine kungekuwa kukiri kwamba niliambiwa nikapuuza. Nikatia sukari. Nikatia nyingi, nikatikisa, nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikajiambia zabibu ndivyo zilivyo.

Jioni ile Kadzo alikuwa anapiga pasi gauni lake kwa pasi ya makaa, akiimba chini chini. Aliuliza bila kuinua kichwa, "Zabibu ziko sawa?"

"Ziko sawa," nikamjibu.

Asubuhi ya Pasaka mabenchi yalipangwa moja la kijani, moja la buluu, hadi nyuma. Niliyapanga mwenyewe. Mimi nilikaa mbele pamoja na watoto wangu wa chekechea, kwa hiyo Kadzo ndiye aliyekwenda kabatini, akafungua dumu, akamimina kwenye jagi na kulileta mezani. Alitembea polepole sana. Kasisi Baya alisoma, Mchungaji Kilonzo akaomba, watu wakalia, hata wanaume wa mabwawani wenye visigino vilivyopasuka. Kisha Kasisi Baya akajaza kikombe, akampa mwenzake anywe kwanza, kwa heshima. Mchungaji Kilonzo akakiinua kwa mikono miwili, akanywa funda moja kubwa, kama mtu aliyeamini. Akakishusha. Uso wake ukabadilika. Sikuelewa siku ile, nimeelewa nilipokuwa mtu mzima: hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Alikuwa ameitambua ladha, na mwili wake ulikuwa umeipenda.

"Hii ni pombe," akasema, kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti kubwa, "Mmenitilia pombe?"

Kasisi Baya akachukua kikombe, akaonja. "Mbona ni zabibu tu, ndugu yangu, zimechacha kidogo..." Na nyuma, kwenye mabenchi yetu, mtu mmoja akacheka. Kicheko kifupi cha puani. Nafikiri kingeweza kurekebishwa chochote mle ndani isipokuwa kile kicheko.

"Nani ameileta?" Musembi aliuliza, amesimama. Macho yote yakamwendea Kadzo, na jagi bado liko mkononi mwake.

"Nimeileta mimi," Kadzo akasema.

"Umepika wewe?"

Kadzo aliliweka jagi mezani. Hakunitazama hata kidogo. Na mimi nilikaa pale, mtoto mmoja pajani, mwingine ameshika kidole changu, nywele zangu zimesukwa vizuri, nikanyamaza. Watu wa saa tano wakasimama. Hawakupiga kelele. Walishika mabenchi yao ya buluu, yaliyokuwa katikati ya yetu, wakayatoa moja moja mlangoni hadi juani, na watu wetu wakalazimika kuinua magoti ili wayapitishe. Mchungaji Kilonzo nilimkuta baadaye nyuma ya ukumbi kwenye pipa la maji, anasukutua kinywa na kutema, anasukutua tena. Nilirudi nyuma kabla hajaniona.

Siku nane zilizofuata sizisahau. Kadzo alikwenda magunia na kurudi. Tulikula sima kwenye sahani moja kama kawaida, kwa sababu hatukuwa na ya pili, na vidole vyetu havikugusana. Bi Zuhura aliniita dukani siku ya pili. "Utasema lini, mwalimu?" akaniuliza. Nikamwambia nitasema. Siku ya tatu akauliza tena, na baada ya hapo akaacha kuuliza, akawa ananipa bidhaa bila kuniangalia. Alhamisi Musembi alikuja uani bila mkate. Ukuta wetu ulikuwa wa udongo, nami nilikuwa ndani kitandani, nikasikia kila neno.

"Zama mara moja tu," alimwomba. "Watu wanyamaze. Mchungaji amesema ukizama yataisha."

"Nishabatizwa, Musembi. Mungu si kiziwi hata aambiwe mara mbili."

"Basi niambie nani aliipika. Nitajua si wewe, niwaambie."

Paka wa Bi Zuhura alilia.

"Aliyeipika atasema mwenyewe," Kadzo akasema.

Nilikuwa hatua tatu kutoka mlangoni. Nilihesabu vitanzi vya kamba ya kitanda chake, vile vilivyonielekea, mpaka Musembi akaondoka. Kesho yake nilikwenda kwa Kasisi Baya nikamwambia yote, ila ile sukari. Alikuna kidevu. "Ukisema sasa, watasema tulikutuma sisi," alisema. "Tena nimekwisha kuandika barua yako ya chuo cha ualimu, nimeandika wewe ni mwaminifu. Nyamaza, mwanangu, yatapita." Niliona kwamba nimeambiwa na kasisi, basi nimetii. Barua ile niliihitaji sana. Leo naweza kulisema hivi bila kupindapinda, lakini wakati ule nililiita utii.

Jumapili ya harusi ilikuja ikapita bila harusi. Jumatatu asubuhi Kadzo alifunga nguo zake kwenye leso moja, akasema anakwenda Kuruwitu kwa dada yake. "Ufunguo uko dirishani," aliniambia, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Musembi aliomba uhamisho kabla ya mvua kwisha. Watu wa saa tano walijijengea kibanda chao cha makuti na mabenchi yao ya buluu, na ukumbi ukawa na nafasi kubwa iliyonichosha kuifagia. Mwishoni mwa mwaka nilikwenda chuoni na barua yangu. Nimefundisha watoto kusema ukweli kwa miaka thelathini na zaidi, na nikiwa darasani nilikuwa mkali sana katika jambo hilo. Wanafunzi wangu wa zamani wanaonikuta njiani bado hunitania kwa ajili ya hilo.

Kadzo alinifuata kwenye hema, pale Kilifi. Alikuwa na sahani mbili za pilau, akaweka moja mbele yangu, akaketi. Uso umeingia mikunjo, lakini macho ni yale yale. "Rehema," akasema. "Umekimbia foleni. Pilau ile itakwisha."

Nikamsalimu. Tukaulizana watoto, magoti, presha. Aliolewa Kuruwitu na mvuvi, akazaa watano, akaingia kanisa jingine kabisa, ambalo si la saa mbili wala la saa tano. Hakuzamishwa. Kisha nikaweka kijiko chini, nikamwambia. Nilimwambia zabibu nilizipika Jumatano kwa ajili ya nywele, na kwamba Bi Zuhura alinionya, na kwamba nilisikia kupitia ukutani. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Nilijua," alisema. "Nilipofungua lile dumu lilinirukia usoni. Mimi ni Mgiriama, mwenehu. Waniambia mimi nisijue mnazi na ndugu zake?"

"Basi mbona uliileta mezani?"

Alisogeza punje za wali kwa kidole, taratibu, mpaka ukingoni mwa sahani. "Nilikuwa nimekuuliza jana yake. Ukasema ziko sawa. Nikasimama pale kabatini, nikawaza: pua yangu yaniambia hivi, Rehema aniambia vile. Nikakuamini wewe."

Kipaza sauti kiliamka. Mama mmoja alitangaza kwamba sasa ni wakati wa meza ya Bwana, na kwamba kila kanisa liende kwenye hema lake, kwa utaratibu, la kwanza upande wa barabara, la pili karibu na tangi, na kadhalika. Uwanja mzima ukaanza kutembea huku na huku, leso za rangi zote zikipishana, watu wakiombana radhi ya kupita. Hema langu lilikuwa karibu na tangi. Nilisimama. Nilitaka sana kwenda, nipige magoti mahali ambapo hapana mtu anayenijua, nipewe kitu kidogo mkononi na niambiwe amani.

"Waenda wapi?" Kadzo akaniuliza. Yeye hakusimama.

"Naenda... wametuita."

"Siku nane nilikungoja, umelala kitanda cha pili. Halafu nikangoja nyumbani kwa dada yangu. Kila gari lililosimama pale kituoni Vipingo nilidhani ni wewe." Alisukuma sahani yangu irudi mbele ya kiti nilichokiacha. "Keti. Kuna kitu hujakisema. Niliionja kwenye jagi watu walipokwisha kutoka, na ile haikuwa ladha ya zabibu zilizochacha tu. Ilikuwa tamu kupita kiasi."

Nikaketi. Kwenye mahema walikuwa wameanza kuimba, kila moja wimbo wake. Nikaanza upya, tangu Jumatano, tangu Bi Zuhura alipozipima zile zabibu, na mara hii sikuiruka sukari.